Umelipa Kodi, Umenunua na Utulivu

Katika nyumba nyingi za kupanga za Dar es Salaam, Mwanza au Mbeya, mpangaji hulipa kodi ya miezi sita, wakati mwingine ya mwaka mzima, kabla hajaingiza hata godoro. Baada ya hapo anaishi kwa wasiwasi. Mwenye nyumba anasukuma mlango bila kupiga hodi. Anamtuma dalali kuonyesha chumba mpangaji akiwa kazini. Wakigombana juu ya zamu ya kufagia uwanja, umeme wa mita ya pamoja unazimwa siku nzima. Ukiwauliza majirani, watakuambia nyumba ni yake, ufanyeje? Jibu hilo limewaumiza watu wengi mno, na kisheria ni kosa.

Kwa Tanzania Bara, mahali pa kuanzia ni kifungu cha 88 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. (Zanzibar ina sheria zake za ardhi, kwa hiyo aliyepanga Unguja au Pemba aulize huko.) Kifungu hicho kinataja ahadi ambazo mwenye nyumba anahesabiwa kuwa amezitoa katika kila upangaji, ziwe zimeandikwa kwenye mkataba au la. Ya kwanza ndiyo kubwa: maadamu mpangaji analipa kodi na kutimiza masharti yake, atakaa na kuitumia nyumba kwa amani na utulivu mpaka muda wake uishe, bila kuingiliwa na mwenye nyumba wala mtu anayepata haki kupitia kwake. Mapatano ya mdomo nayo yamo humo, kwa kuwa upangaji usiozidi mwaka mmoja unaruhusiwa kufanywa kwa mdomo.

Maana yake ni kwamba kwa muda uliolipiwa, chumba ni maskani yako. Mwenye nyumba bado ndiye mmiliki, lakini matumizi amekukabidhi wewe. Katiba nayo, katika ibara ya 16, inalinda maisha binafsi ya mtu, familia yake na maskani yake. Haikusema maskani ya kununua peke yake.

Je, mwenye nyumba haruhusiwi kuingia kabisa? Anaruhusiwa. Sheria inampa nafasi ya kuja kukagua hali ya nyumba au kufanya matengenezo yaliyo juu yake, mradi aje kwa wakati unaofaa na asivuruge maisha ya mpangaji bila sababu ya msingi. Kukutaarifu kwamba Jumamosi asubuhi fundi bomba atakuja ni sawa. Kuingia na ufunguo wa akiba saa nne usiku, au kupekua kabati la binti wa watu akiwa amesafiri, si ukaguzi. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu wanawake wanaoishi peke yao ndio wanaoteswa zaidi na tabia hii, na wengi hunyamaza wakihofia kuambiwa wahame. Kuomba taarifa kabla ya mtu kuingia chumbani kwako si utovu wa adabu.

Utulivu huo una sehemu nyingine ambayo wapangaji wengi hawaijui. Mwenye nyumba anapopangisha sehemu tu ya jengo, paa, kuta za nje, mifereji mikuu na njia za pamoja ni juu yake kuvitunza. Nyumba ya kuishi anapaswa kukukabidhi ikiwa inafaa kukaliwa na binadamu, na ibaki hivyo muda wote wa upangaji. Kwa hiyo shimo la choo lililofurika uani, au paa linalovuja kila masika, ni madai halali, usiambiwe kwamba unadeka. Tena hatakiwi kutumia eneo lake la jirani kwa namna itakayoifanya nyumba aliyokupangisha isifae kwa makazi. Akifungua gereji ya kuchomelea vyuma kwenye kiwanja chake kilicho ukutani kwako, sheria inakupa pa kumshikia.

Lakini usumbufu ukitoka kwenye baa ya mtu mwingine, kwenye kiwanja cha mtu mwingine, usimbebeshe mwenye nyumba mzigo usio wake. Hayo ni malalamiko ya kelele. Anza ofisi ya serikali ya mtaa, kisha halmashauri au NEMC, baraza la taifa la mazingira, ambalo hupokea malalamiko ya aina hiyo.

Mgogoro unaovunja nyumba nyingi ni wa kutolewa kwa nguvu. Mfano ni mama lishe aliyelipa miezi sita mwezi Januari. Aprili mwenye nyumba anapata mteja wa bei kubwa zaidi, anamwambia ahame baada ya wiki moja. Mama anakataa. Siku ya nane anarudi jioni na kukuta kufuli jipya, vyombo viko nje vinanyeshewa. Mwenye nyumba mwingine hafungi mlango, anaung'oa, au anapanda juu kutoa mabati akisema anakarabati. Yote hayo ni kuvunja ahadi ya utulivu, na mpangaji anaweza kudai arudishwe ndani na alipwe fidia ya hasara aliyopata.

Hata mpangaji anayedaiwa kodi hatolewi kwa kung'olewa mlango. Njia ya mwenye nyumba ni notisi ya maandishi, kisha baraza la ardhi. Kwa upangaji usio na muda maalumu, notisi haipaswi kuwa fupi kuliko kipindi cha malipo: anayelipa kwa mwezi apewe angalau mwezi mmoja. Nyumba ikiuzwa, mnunuzi anaingia kwenye viatu vya aliyeuza. Mpe nakala ya mkataba na risiti zako, umwonyeshe umelipia mpaka lini.

Hapa nina neno gumu kwa mpangaji mwenzangu. Usiache kulipa kodi kwa hasira. Kinga ya kifungu cha 88 imefungwa kwenye kodi iliyolipwa na masharti yaliyotimizwa, na ukigoma unampa mwenye nyumba sababu aliyokuwa akiitafuta. Lipa, kwa njia inayoacha alama: benki, simu, au risiti yenye saini na tarehe. Mkataba wa maandishi ulipiwe ushuru wa stempu TRA, maana usiolipiwa unaweza kukataliwa kuwa ushahidi mpaka ushuru ulipwe. Ujumbe wa vitisho usiufute. Piga picha ya mita iliyozimwa, andika siku na saa, na umwombe jirani aliyeona awe tayari kusema alichokiona.

Kisha mwandikie mwenye nyumba barua fupi yenye heshima ukieleza kinachokusumbua, nakala ipelekwe kwa mwenyekiti wa mtaa. Wengi hurudi nyuma wakiona maandishi. Asiposikia, nenda Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 baraza hilo halitoi hukumu tena, kazi yake ni kusuluhisha. Likishindwa, au siku 30 zikipita bila suluhu, fungua shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na uombe zuio la muda ili usitolewe kabla shauri halijasikilizwa. Polisi watakuambia kwamba mgogoro wa kodi ni madai, na mara nyingi ni kweli. Lakini ukipigwa, ukitishiwa kuumizwa au vitu vyako vikichukuliwa, hiyo ni jinai. Andikisha taarifa na uondoke kituoni na namba ya RB.

Wazee watakuelekeza kwenye sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984. Ilifutwa mwaka 2005. Leo hakuna sheria inayoweka kikomo cha kodi ya chumba, na muda uliolipia ukiisha mwenye nyumba anaweza kukataa kukuongezea mwingine. Naona hilo ni pengo ambalo Bunge linapaswa kuliziba, kwa maana mtu anayejua atafukuzwa miezi sita ijayo hathubutu kudai hata paa lizibwe leo. Mpaka hapo litakapozibwa, jadili kodi na muda kabla ya kulipa, na ukiweza upate mkataba wa mwaka mzima.

Kama huna fedha ya wakili, usirudi nyuma. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaohudumia wasio na uwezo bila malipo, na kwa Dar es Salaam unaweza pia kwenda Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Nenda na mkataba, risiti na picha zako, na uende mapema, kabla vyombo havijatolewa nje.