Mafunzo Niliyopata kwa Kamera ya Sebuleni

Mwaka 2022 nilikuwa navuka mpaka wa Petite Barrière kila asubuhi kwenda kwenye kibanda changu cha unga na maharage huko Birere, upande wa Goma, Kongo, na kurudi Gisenyi, Rwanda, jioni. Mwanangu, ambaye alikuwa hajatimiza mwaka, alibaki nyumbani Majengo na dada wa kazi. Kila nilipopanga foleni mpakani niliikumbuka video ya Kampala ya Novemba 2014: yaya anampiga na kumkanyaga mtoto, bila kujua kwamba baba mwenye nyumba ameficha kamera. Yule yaya alihukumiwa kifungo cha miaka minne. Mama wengi ninaowafahamu walinunua kamera kwa sababu ya video ile, nami nikanunua yangu.

1. Aliyefungua akaunti ndiye mwenye kamera

Fundi aliipachika juu ya kabati la vyombo, akaiunganisha na ruta, akabonyezabonyeza simu yake, kisha yangu. "Mama, angalia." Nikamwona mwanangu akitambaa mkekani, nikafurahi, nikalipa. Sikuuliza alichokuwa akibonyeza.

Miezi minane baadaye simu yangu iliharibika. Nilipotaka kuifungua programu ya kamera kwenye simu mpya, namba ya uthibitisho ilitumwa kwenye barua pepe nisiyoijua. Ilikuwa ya fundi. Ili kazi iishe upesi alikuwa amefungua akaunti kwa jina lake, akaiingiza hiyohiyo kwenye simu yangu.

Aliapa kwamba hakuwahi kutazama, na ninamwamini. Lakini miezi minane mizima nilipita pale sebuleni na khanga kifuani, nikanyonyesha pale, nikagombana na mume wangu pale, na kilichonisitiri ni uungwana wa mtu mmoja tu. Kuibonyeza kamera ili ianze upya hakukutosha: ilibidi yeye aiondoe kwanza kwenye akaunti yake, ndipo ikakubali kusajiliwa kwangu. Siku hizi akaunti naifungua mwenyewe kwa barua pepe yangu, na kila baada ya muda nakagua orodha ya simu zilizoingia humo. Nisiyoitambua naiondoa.

2. Nenosiri la kiwandani si siri

Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai ilizunguka kwenye intaneti ikibisha hodi kwenye kamera na ruta, ikijaribu jozi zipatazo 60 tu za majina na manenosiri ya kiwandani. Ziliitosha kuteka mamia ya maelfu ya vifaa. Tarehe 21 Oktoba baadhi yavyo vikaelekezwa kuishambulia kampuni ya Dyn huko Marekani, iliyokuwa ikiziongoza simu na kompyuta kwenye tovuti nyingi, na kwa saa kadhaa Twitter na Netflix hazikufunguka kwa watu wengi. Wenye kamera hizo hawakujua lolote.

Kisa cha Korea Kusini ndicho kilichoninyima usingizi. Novemba 2025 polisi wa huko walitangaza kuwakamata watu wanne kwa kudukua kamera zaidi ya 120,000, zikiwemo za majumbani. Baadhi yao waliuza picha za faragha walizozipata. Manenosiri mepesi ndiyo yaliyowafungulia mlango. Langu lilikuwa moja hadi nane, kwa mfululizo. Nenosiri la ruta nalo walikuwa nalo watoto wote wa jirani. Sasa wao nimewawekea mtandao wa wageni, maana ruta nyingi zinao, na kamera imebaki upande wetu.

3. Ina masikio pia

Hili nililigundua nilipomsikia mama mkwe, kupitia simu, akimweleza mgeni habari za ugonjwa wake. Nilizima simu kwa aibu. Maikrofoni nimeifunga.

4. Dada naye ni mtu wa nyumba

Nilimdanganya. Nilimwambia kamera ni ya wezi, inafanya kazi usiku tu. Siku moja picha ikageuka ukuta mtupu. Nikampigia kwa ukali: kwa nini ameigeuza? Akanijibu taratibu, "Mama, navaa nguo."

Nyumba yetu ina vyumba viwili, yeye hulala sebuleni. Kumbe alishajua siku nyingi. Nilikuwa nimemwekea jicho kitandani kwake, kisha namkaripia kwa kulifumba.

Katiba ya Rwanda, ibara ya 23, inalinda faragha ya mtu, familia yake na nyumba yake. Tangu Oktoba 2021 tuna pia Sheria Na. 058/2021 ya kulinda data binafsi na faragha. Lakini sikuhitaji wakili ili nijue nimemkosea binti wa watu, anayemlisha mwanangu mchana kutwa na kumwimbia hadi alale. Jioni ile nilimwomba radhi. Nikamwonyesha kwenye simu yangu kila kinachoonekana, na kwa siku ngapi kinahifadhiwa kwenye kadi, kisha tukachagua pamoja mahali pa kuihamishia.

Sasa inatazama mlango na mkeka wa mtoto. Pembeni yake dada ametundika kipande cha kitenge. Akitaka kuvaa hukishusha juu ya kamera. Nikiwa Birere nikaona giza kwenye simu, naiweka mfukoni na kuendelea kupima maharage.