Kuchagua Kitabu cha Kufundishia Miisho ya Sataranji

Mwanachuo anayekabidhiwa kilabu cha sataranji wakati wa mazoezi ya kufundisha, Temeke au Kinondoni, ataona upesi kwamba watoto huanza mchezo kwa ushujaa na kuumaliza kwa kubahatisha. Mwenye ushindi mkononi huambulia sare, na wiki ifuatayo haonekani tena kilabuni. Hapo ndipo kitabu kinapohitajika.

Unene wa kitabu usitudanganye. Dvoretsky's Endgame Manual (2003) ni hazina ya mabingwa. Kwa mtoto wa darasa la tano ni mzigo tu. Chess Fundamentals cha Capablanca (1921) ni chepesi zaidi, ila matoleo yake ya zamani huandika hatua kwa alama za kale zinazotatiza. Sisi twapendelea Silman's Complete Endgame Course (2007), kwa kuwa kimepangwa kwa kufuata kiwango cha mchezaji, naye huambiwa aishie wapi kwanza.

Hata hivyo, vyote hivyo ni vya Kiingereza, na watoto wa shule zetu za msingi za serikali husoma kwa Kiswahili. Kwa hiyo mwalimu atafute kitabu chenye picha nyingi za ubao, kisha akijaribu kabla ya kukinunua. Afungue sura ya mfalme na kitunda dhidi ya mfalme peke yake. Mfalme mweupe yuko e4, kitunda chake e3, mfalme mweusi e6. Zamu ikiwa ya mweusi, mweupe hushinda. Ikiwa ya mweupe, ni sare. Sasa kitunda kirudishwe e2: mweupe hushinda, zamu iwe ya nani! Aliyerudi nyuma amepata faida, kwa kuwa anayo hatua moja ya akiba: atasogeza kitunda hadi e3, na mweusi atalazimika kumpisha njia. Kitabu kisichoeleza sababu hiyo kirudishwe rafuni.

Watoto wetu si wageni wa hesabu ya namna hii. Barazani wamewaona wazee wakicheza bao. Kete 22 za mkononi zikisha, mtaji huanza, na kila mmoja huhesabu kimoyomoyo kete yake ya mwisho itaangukia shimo lipi. Mwalimu na aanzie hapo, ndipo aweke wafalme wawili na kitunda kimoja ubaoni, awaachie watoto wabishane kabla ya kuwasomea jibu.