Somo: Hadithi za Mizimu na Ilimu ya Ghaibu

Twaingia katika somo letu. Nalo ni mas-ala tunayoulizwa mara kwa mara na vijana wa darsa na wazee wao pia: je, yafaa kwa Mwislamu kusoma vitabu vya hadithi vilivyojaa majini, mizimu na wafu waliorudi, hali ajua kwamba mambo hayo yametungwa na mtu aliyeketi na kalamu yake? Wako ndugu zetu ambao wakikiona kitabu cha namna hiyo mkononi mwa mtoto hukitwaa wakakichana. Wako na wengine, nao ndio wengi zaidi, ambao huyasoma au kuyasikia yaliyomo, kisha jioni wakayasimulia barazani kwa kuapa, kana kwamba wameyaona kwa macho yao. Sisi twaona makundi yote mawili yamekosa jambo moja, nalo ni kupambanua baina ya hadithi na habari.

Tuanze na mfano wa hapa petu Magarini. Kila mwenyeji wa Marafa apajua Nyari, pale ardhi ilipobomoka ikaacha minara na magenge ya rangi nyekundu, nyeupe na manjano. Wageni huja na kamera zao kupatazama, na Wazungu wamepaita Jiko la Jahanamu. Wazee wa Kigiriama wasimulia kwamba palikuwa na ukoo tajiri, wenye ng'ombe wasiohesabika, hata wakawa hukoga kwa maziwa. Mungu akaghadhibika kwa israfu ile, nyumba zao zikadidimia. Weupe wa magenge yale ndio maziwa, na wekundu ndio damu yao. Mwenye ilimu ya ardhi naye atasema kwamba huo ni mchanga ulioshikamana, mvua na upepo vimeukata mwaka baada ya mwaka, wala kazi hiyo haijesha. Kauli hizi mbili hazigombani. Ya kwanza ni hadithi, na onyo lake juu ya israfu hata sisi twalikubali. Ya pili ni habari. Shida ingekuja lau mtu angetaka kulizuia bonde lisile mashamba ya watu kwa kumsaka aliyekoga maziwa.

Asije mtu akadhani twataka kukanusha yasiyoonekana. Kuwepo kwa majini ni katika itikadi yetu, na sura nzima ya Qur'ani yaitwa kwa jina lao. Lakini kuamini kwamba wapo ni jambo moja, na kudai kwamba fulani kafa kwa mkono wa jini fulani wa mbuyu fulani ni jambo jingine kabisa. Hilo la pili ni kudai kuijua ghaibu, na ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu. Msomaji na akitazame kisa cha Nabii Suleiman (A.S.) katika Sura ya Sabaa. Majini walikuwa wakimtumikia kazi nzito, naye akafishwa hali ameegemea fimbo yake. Hawakujua. Waliendelea kutaabika mbele ya maiti mpaka mdudu wa ardhi alipoila fimbo, mwili ukaanguka, ndipo walipotambua kwamba lau wangekuwa waijua ghaibu wasingekaa katika adhabu ile. Ikiwa majini wenyewe hawakuijua hali ya mtu aliye mbele ya macho yao, seuze mganga adaiye kwamba kaambiwa na jini habari za mtu aliye mji wa pili.

Sasa twende kwa mtunzi ambaye kwa ajili yake tumeandika somo hili, Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Alizaliwa Makunduchi mwaka 1918, akafanya kazi katika idara ya afya, kisha mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Baadaye alihamia Tanganyika akahariri gazeti la wakulima liitwalo Mkulima, mpaka alipostaafu mwaka 1968. Kitabu chake cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, kilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958, kikatolewa mwaka 1960. Vikafuata vingine, kimojawapo Kisima cha Giningi cha mwaka 1968. Watu wa Unguja na Pemba walijua mara moja jina hilo la Giningi lina uzito gani, maana ndio mji ambao wasemwa kuwa ni wa wachawi. Alifariki mwaka 1991.

Mtazame alivyofanya katika kitabu kile cha kwanza. Mtu mwenye mali aonekana amekufa, na maiti yake iko penye mzimu, mahali ambapo watu hupaogopa na kupapelekea nadhiri. Sisi watu wa pwani twaijua hukumu ya baraza kabla haijatolewa: mzimu umeghadhibika. Mtunzi hawacheki watu wale. Aiacha hofu yao iingie moyoni mwa msomaji, naye akaigeuzia ukurasa hali nywele zimesimama. Kisha amleta Bwana Msa, mtu wa kiko na maneno machache, pamoja na sahibu yake Najum. Bwana Msa hagombani na mtu juu ya mizimu. Auliza tu nani alikuwa wapi, nani alipata faida kwa kifo kile, nani kasema uongo na kwa nini. Mwisho yabainika kwamba mkono ulioua ni mkono wa binadamu, na mzimu ulitumiwa kuwa pazia.

Twaomba msomaji alizingatie neno hili la pazia, maana ndilo lililotufanya tukipende kitabu hiki. Muuaji mwenye akili hutafuta mahali ambapo watu hawataki kuuliza. Akiiweka maiti sokoni, kila mtu atauliza. Akiiweka penye mzimu, watu watainamisha vichwa na kurudi majumbani. Kwa hivyo ile hofu, ambayo wengi huiona kuwa ni ucha Mungu, yageuka kuwa msaidizi wa mwenye kumwaga damu. Hatukumbuki kuona hutuba iliyolieleza jambo hili kwa wepesi kama hadithi hii ilivyolieleza, na hilo twalisema hali sisi wenyewe ni watu wa hutuba.

Bwana Msa ana babu yake Uingereza, naye ni Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle. Hapa pana ajabu. Yule babu alikuwa bingwa wa kutafuta dalili, lakini aliyemtunga, katika miaka yake ya mwisho, alizunguka dunia akihubiri kwamba wafu huzungumza na walio hai. Mwaka 1929 alifika hata Kenya kwa mahubiri hayo. Wasichana wawili wa Cottingley, mmoja wa miaka 16 na mwingine wa miaka 9, walipopiga picha mwaka 1917 za viumbe vidogo vyenye mabawa, bwana yule alizisadiki, akaziandikia makala na kitabu kizima mwaka 1922. Mwaka 1983 wasichana wale, sasa vikongwe, walikiri kwamba viumbe vile vilikuwa michoro iliyokatwa kwenye karatasi na kusimamishwa kwa pini. Kumbe mtu aweza kutunga hadithi ya akili, kisha yeye mwenyewe asiitumie akili ile nje ya kitabu. Mwunguja wetu alimchukua mpelelezi wa Kizungu akampeleka mahali ambapo bwana wake hakumpeleka.

Huenda mtu akasema: hamwoni kwamba hadithi kama hizi zitawazoeza vijana kukanusha kila kisichoonekana, hata wakakanusha na Akhera? Twajibu kwa tukio la Madina lililothibiti katika hadithi sahihi. Siku aliyokufa Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), jua lilipatwa. Watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo kile. Baba ni mfiwa, na maneno ya watu yamtukuza yeye na mwanawe. Mwingine angenyamaza tu, na kunyamaza kungetosha kuikuza khurafa ile mpaka leo. Lakini Mtume alisimama akawafundisha kwamba jua na mwezi ni katika ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa ajili ya kufa kwa mtu wala kuzaliwa kwake. Aliyesema hivyo ndiye aliyetuletea habari za Akhera. Basi kutaka dalili hakukutoka kwa wakanushaji.

Na jambo hili si la vitabuni tu. Katika kaunti yetu ya Kilifi wazee wameuawa kwa miaka mingi kwa kusingiziwa uchawi, wengine kwa mapanga, wengine kwa kuchomewa nyumba. Huko Ganze pana Kaya Godoma, ambapo wazee waliokimbia vijiji vyao wamepewa hifadhi. Ukiisikiliza tuhuma utaambiwa habari za mtoto aliyeugua au kijana aliyekufa ghafula. Ukiuliza kwa njia ya Bwana Msa, nani atapata faida, mara nyingi utalikuta shamba. Mzee ana hati ya ardhi au ana minazi, na warithi wamechoka kungoja. Mvi na macho mekundu ya moshi wa jikoni ndiyo pazia. Na tusiwatupie lawama Wagiriama peke yao, kama ilivyo desturi ya baadhi ya watu wa mjini. Ni wangapi katika sisi ambao mtoto akiugua homa humpeleka kwanza kwa mwenye kupiga ramli, kisha, damu ikishapungua, ndipo wakakimbilia hospitali?

Kisha pana msiba wa Shakahola, katika msitu wa Magarini hii hii. Aprili 2023 yalianza kufukuliwa makaburi ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe, ili wamwone Mola wao kabla ya mwisho wa dunia. Maiti zilizofukuliwa zilipita 400, na katika hizo wamo watoto. Hatukitaji kisa hiki kwa kuitukana dini ya jirani zetu, maana makanisa mengi yalilia pamoja na sisi. Twakitaja kwa sababu asili yake ilikuwa maneno tu: masimulizi juu ya mwisho wa dunia, yaliyotolewa kwa watu wasiokuwa na mazoea ya kumwuliza msimulizi, "Hayo umeyajuaje?" Lau yangekuwa yameandikwa kitabuni, juu yake pameandikwa "riwaya", huenda yangemtisha mtu usiku mmoja, asubuhi akaamka akanywa chai.

Wako watunzi wengine ambao hawafumbui fumbo kama Muhammed Said Abdulla. Said Ahmed Mohamed, naye pia wa Zanzibar, ametunga Babu Alipofufuka, iliyotoka mwaka 2001, ambamo babu amrudia mjukuu wake mwenye cheo na mali ili amwulize anaishije hali watu wake wana njaa. Hapo mfu haelezwi akaisha. Yumo mpaka mwisho. Baadhi yetu katika darsa wamekichukia kitabu hiki, wakasema kufufuka ni kwa siku moja tu. Wengine wamesema babu yule ni mfano, na kwamba hakuna msomaji aliyekwenda makaburini kumngoja. Twaelekea kwenye kauli ya pili, ijapokuwa hatumlazimishi mtu.

Kwa wale wa darsa watakaosoma Mzimu wa Watu wa Kale pamoja nasi, twapendekeza wakishamaliza waende Gedi, kusini ya Malindi. Kwa muda mrefu watu wa pande hizi walipaogopa pale, wakisema roho za watu wa kale zapalinda. Hata James Kirkman, aliyepachimbua kuanzia mwaka 1948, aliandika kwamba siku za mwanzo alihisi kama kuna kinachomtazama nyuma ya kuta. Hakuacha kuchimba. Alikuta visima, vyoo, vyombo vya Kichina, nyumba kubwa na msikiti wa jamaa, na mwaka 2024 mji huo uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Pale ukutani na kaburini hapana jina la mzimu wowote. Pana kaburi lenye tarehe ya Hijria, mwaka 802, yaani 1399 kwa hesabu ya Kizungu, na pana mihrabu iliyoelekea Kibla kile kile tunachokielekea sisi leo.