Majeruhi wa vita ana fungu katika Zaka zetu

KILA ifikapo Julai 25 Watanzania huwakumbuka mashujaa. Huwekwa mashada, ngao na mkuki, kisha watu hurejea makwao. Wengi wanaokumbukwa siku hiyo wamelala Kaboya, wilayani Muleba. Walikufa katika vita dhidi ya Idi Amin. Makala haya ni juu ya wenzao waliorudi hai, lakini bila mguu au bila jicho.

Aliyekuwa na miaka 20 majeshi ya Amin yalipoingia Kagera, Oktoba 1978, leo ni mzee. Hawakwenda JWTZ peke yao. Mgambo nao walikwenda, na vita vilipokwisha 1979 wengi walirudi kwenye jembe. Majeruhi wapya pia wapo: Desemba 7, 2017 kambi ya walinda amani wetu huko Semuliki, Kongo, ilishambuliwa, zaidi ya kumi wakauawa na makumi wakajeruhiwa.

Je, Muislamu wa Maili Moja ana wajibu gani hapa? Tuanze Madina. Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Sa'd bin Muadh (r.a.) alipigwa mshale uliokata mshipa wa mkono. Mtume (s.a.w.) aliamuru apigiwe hema ndani ya msikiti, ili awe karibu naye na kumjulia hali. Hema la majeruhi ndani ya msikiti! Wa kwetu tunamwacha nje mlangoni siku ya Ijumaa, asubiri sarafu.

Ama Zaka, Surat Tawba aya ya 60 imetaja mafungu manane. Watu hubishana kama askari wa serikali anaingia katika "fii sabilillah". Ubishi huo tuwaachie masheikh, kwani mzee wetu hauhitaji. Anapita mlango wa ufakiri, wa umasikini au wa wenye madeni.

Wapo watakaosema, "Huyo ana pensheni." Sawa, inamtosha? Katika Surat Kahf wenye jahazi wameitwa masikini, na jahazi walikuwa nalo. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wametumia aya hiyo kueleza kuwa masikini ni mwenye kitu kisichokidhi haja zake.

Wakaenda mbali zaidi, na hapa ndipo tunapokosea sana. Imam Nawawi ameeleza kuwa mwenye ufundi hupewa cha kununulia vifaa vya kazi yake, na mfanyabiashara hupewa mtaji, ili asirudi kuomba. Sisi tunagawa mia tano mia tano. Mwenye duka ambaye mali yake ya biashara imetimiza mwaka ikiwa na thamani ya shilingi milioni 60 anadaiwa Zaka ya milioni 1 na laki 5. Wakijikusanya kumi ni milioni 15. Hapo linazungumzwa jambo la mguu wa bandia, cherehani, au genge lenye bidhaa.

Na asiyekuwa Muislamu, aliyelala handaki moja na huyo mzee? Kwa kauli ya wanazuoni wengi Zaka hapewi, lakini sadaka anapewa bila tatizo. Kwa hiyo kamati ya msikiti iwe na mifuko miwili, na orodha ya majina iandikwe nyumba kwa nyumba, si mlangoni baada ya swala.