Pembe ya Mhimili na Kugeuka kwa Ubao wa Magurudumu

Mkokoteni wa maksai uendao shambani katika wilaya za Tarime na Serengeti hugeuka kwa sababu iliyo wazi kwa kila mtazamaji. Maksai wakielekea kulia, mti ulioshika nira huelekea kulia, na ekseli iliyofungamana nao hufuata. Baiskeli nayo ina usukani. Hata chukudu, chombo cha mbao kibebacho mizigo katika mji wa Goma, Kongo ya Mashariki, huongozwa kwa usukani wa kushikwa mikononi.

Kipo hata hivyo chombo chenye magurudumu manne kisicho na nira wala usukani, nacho hugeuka kwa mpandaji kuinamisha mwili wake tu. Chombo hicho ni ubao wa magurudumu, mchezo ambao vijana wa Kitintale, Kampala, waliujengea uwanja mwaka 2006. Katika aina moja ya mashindano yake, iitwayo slalomu, mpandaji huteremka mlima akipenya baina ya koni zilizopangwa mstari. Namna ubao huo unavyogeuka ni somo la jiometria linaloweza kufundishwa kwa kipande cha mbao na msumari.

Chini ya ubao vimefungwa vishikio viwili vya metali, kimoja mbele na kimoja nyuma. Kila kishikio hubeba ekseli yenye magurudumu mawili, na ekseli hiyo huweza kuzunguka kidogo juu ya mhimili uliolala mshazari. Mwalimu wa Mugumu au Sirari atengeneze mfano. Kabari ya mbao igandamizwe chini ya ubao mdogo, upande wa mbele. Kijiti cha sentimita 15 kitobolewe katikati, kisha kipigiliwe msumari katika kabari kwa mshazari wa digrii 45, kichwa cha msumari kikielekea chini na katikati ya ubao, ncha yake ikipanda kuelekea mbele. Mwanafunzi akiinua ncha ya kulia ya kijiti, ataona kwamba haipandi tu, bali pia inarudi nyuma. Ile ya kushoto inashuka na kwenda mbele. Sababu ni kwamba ncha hizo husafiri katika bapa lililo wima kwa msumari, na bapa hilo lenyewe limeinama. Barabarani ardhi huzuia magurudumu yasipande, hivyo ubao ndio unaoshukia upande wa kulia. Matokeo ni yale yale: ekseli inaelekea kulia.

Pembe mbili za mwisho huonyesha jambo hili waziwazi. Mhimili ukilala sambamba na ubao, yaani digrii 0, ubao utainama bila magurudumu kugeuka hata kidogo. Ukisimama wima, digrii 90, ekseli itageuka bila ubao kuinama, kama ekseli ya mbele ya gari la kuvutwa na wanyama. Baina ya hizo mbili, kanuni ni hii:

tan U = tan M × sin K

U ni pembe ya kugeuka kwa ekseli, M ni pembe ya mhimili, na K ni mwinamo wa ubao. Nusukipenyo cha njia hupatikana kwa kugawanya umbali baina ya ekseli mbili kwa jumla ya tan U ya mbele na tan U ya nyuma.

Tuseme ekseli zimeachana mita 0.5 na mihimili yote miwili ina digrii 45. Mpandaji akiinamisha ubao digrii 10, nusukipenyo ni mita 1.44. Ni kona kali sana. Akiinamisha digrii 2 tu, ni mita 7.2. Mwinamo wa digrii 2 ni mdogo mno. Mguu ukiteleza kidogo hutosha kuuleta. Kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde, mchapuko wa kuelekea ndani ya kona ni mita 3.5 kwa sekunde mraba. Kasi ikiongezeka mara mbili, mchapuko huongezeka mara nne na kufikia 14, yaani kuliko mchapuko wa mvutano wa dunia. Mpandaji hutupwa. Kijana anayejaribu ubao wa kujiundia katika miteremko ya Tarime hana budi kuijua hesabu hii kabla ya kuanza kuteremka.

Ndiyo maana wapandaji wa slalomu hawaweki pembe sawa mbele na nyuma. Mbele huhitaji kuitika upesi, hivyo mhimili wake husimamishwa zaidi, kwa mfano digrii 50. Wa nyuma hulazwa, kwa mfano digrii 25. Kwa mwinamo wa digrii 10, ekseli ya mbele hugeuka karibu digrii 11.7 na ya nyuma digrii 4.6 tu. Magurudumu ya nyuma yanapogeuka sana, mkia hutupwa nje ya kona. Yanapogeuka kidogo, mkia hufuata mbele kwa utulivu. Mwaka 1979 mtaalamu Mont Hubbard, nchini Marekani, alichapisha uchambuzi wa kihisabati wa uthabiti wa ubao huu.

Pembe hubadilishwa kwa kabari nyembamba zinazowekwa baina ya kishikio na ubao. Hapa kosa ni rahisi. Mihimili miwili ikitazamwa kutoka ubavuni sharti ifanye umbo la V, ncha ya V ikiwa chini ya katikati ya ubao. Hivyo kabari inayosimamisha mhimili wa mbele, ikihamishiwa nyuma huku sehemu yake nene ikielekea upande ule ule wa safari, huulaza mhimili wa nyuma. Na kishikio kizima kikifungwa kinyume, ekseli zote mbili zitaelekea upande mmoja: ubao utakwenda mshazari kama kaa, wala hautapinda. Raba zilizomo katika kishikio ni suala jingine. Ugumu wake hauingii katika kanuni iliyotajwa. Huamua tu nguvu inayotakiwa ili kuuinamisha ubao.

Zoezi: Mhimili wa mbele uwe digrii 50 na wa nyuma digrii 0, ekseli zikiwa zimeachana mita 0.5. Tafuta nusukipenyo kwa mwinamo wa digrii 10. (Jibu: karibu mita 2.4.) Kisha chora mahali kilipo kitovu cha kona, na ueleze kwa nini hakiko mkabala na katikati ya ubao.