Resori ya Lori la Samaki

Lori lilipokuwa likiteremka kwenda Mahagi-Port, resori ya kanyagio la mafuta ilikatika. Dereva aliinua mguu, lakini injini ilizidi kuvuma! Upesi akaizima, akasimama.

Fundi aliandika karatasi ya kupeleka Bunia. Resori za mizunguko ni za namna tatu: ya kugandamizwa, kama ya kalamu ya kubonyeza; ya kupindwa, kama ya mtego wa panya; na ya kuvutwa, kama hii. Aliunganisha vipande, akapima urefu na upana, akahesabu mizunguko, akaangalia kulabu. Waya aliupima mara mbili.

«Kwa nini, mzee?» akauliza utingo.

«Waya ukinenepa mara mbili, mengine yakibaki sawa, ugumu huwa mara 16. Resori ngumu mno humchosha dereva. Hafifu hairudishi kanyagio.»