Kamba Iliyokatwa

Andiko: Matendo 13:13, 15:36-40, 2 Timotheo 4:9-11

Wiki hii nataka tusome Neno tukiwa na kitabu kingine kando. Kinaitwa Touching the Void, kilitoka mwaka 1988, na Joe Simpson anasimulia humo yaliyompata yeye mwenyewe.

Mwaka 1985 Simpson na mwenzake Simon Yates, wote Waingereza, walipanda Siula Grande huko Peru, mlima wa mita 6,344. Kileleni walifika. Wakati wa kushuka Simpson akaanguka, mguu ukavunjika. Yates hakumwacha. Aliunga kamba mbili, akaketi kwenye theluji, akawa anamteremsha mwenzake kama ndoo kisimani, saa baada ya saa, mpaka giza na dhoruba vikawakuta. Ndipo Simpson akapitishwa ukingo wa genge, akabaki ananing'inia hewani. Hawakuweza kusikizana. Theluji aliyokalia Yates ikaanza kubomoka, naye anavutwa pole pole. Baada ya zaidi ya saa moja, alitoa kisu akakata kamba.

Si mnajua tulivyo? Hapo wengi wetu tungefunga kitabu na kutoa hukumu.

Simpson alianguka ndani ya ufa wa barafu, lakini hakufa. Akavuta kamba akitarajia kukuta mwili wa Yates upande ule mwingine. Ikaja ncha tupu, imekatwa. Kupanda hakuweza, basi akajiteremsha chini zaidi gizani, na huko akapata njia ya kutokea. Kisha alitambaa siku tatu bila chakula hadi kambini, wenzake wakiwa wamebakiza saa chache waondoke. Mwenyewe amesema kule shimoni hakuomba; imani aliiacha zamani. Kwa hivyo sitageuza habari yake kuwa ushuhuda ambao hakuutoa.

Ila tazama alichofanya baadaye. Huko kwao watu walimlaumu Yates, na Simpson aliandika kitabu hiki kwa sehemu ili kumtetea. Hata mimi naona Yates alifanya sawa. Pale wangekufa wawili.

Paulo naye aliachwa njiani, kule Pamfilia, na Yohana Marko. Sababu hatuambiwi. Paulo alikataa katakata kusafiri naye tena, hata akatengana na Barnaba. Miaka ikapita, na akiwa kifungoni anamwambia Timotheo amlete Marko, anamhitaji kazini.

Ushirika wetu unao waliokata kamba. Kuna dada aliyemuuguza mama mkwe miaka mingi, shamba likauzwa, mwishowe akasema siwezi tena. Kuna ndugu aliyeacha kulipa madeni ya kaka yake mlevi, kwani watoto wake mwenyewe walikuwa wanarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Na wanaosema sana ni sisi tuliokuwa kambini tukinywa chai.

Kwenye vikundi vya nyumbani wiki hii, someni maandiko hayo kwa pamoja, mjadili: Je, Barnaba alikosea kumchukua Marko? Ni nani aliyeacha kuja ibadani kwa sababu ya maneno yetu, na kati yetu nani ataenda kumwona kabla ya Jumapili?